Tangazo la Mavuno

Nilifundisha Kiswahili shule ya sekondari mpaka nikastaafu, na sikuwahi kufikiri kwamba kazi ya mwisho nitakayopewa maishani itakuwa kukaa katikati ya watu waliokuwa wakiuana. Waliniita kwa sababu ya mama yangu. Alizaliwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaolewa Kirando, na mpaka anakufa alizungumza Kiswahili cha kwao, kile ambacho sisi watoto wake tulikicheka lakini tukakimeza chote. Nikitaka, nakizungumza hadi mtu wa ng'ambo aniulize nimezaliwa kijiji gani.

Serikali ya nchi ile na waasi wa milimani walikuwa wamekubali kukutana, kwa sharti kwamba iwe mahali pasipo na macho mengi. Mtu akapendekeza Sumbawanga. Ni karibu na ziwa, na hakuna mwandishi wa habari anayepita huku kwa bahati tu. Wakapewa hosteli ya kanisa pembeni mwa mji, yenye majengo mawili yanayotazamana na ukumbi katikati. Msuluhishi mkuu alikuwa jaji mstaafu kutoka nchi nyingine ya ukanda huu, mwanamume mwembamba, mpole, aliyezungumza Kiswahili cha vitabuni. Alitaka msaidizi ambaye pande zote mbili zingemwelewa bila kukunja uso. Mtu mmoja wa ofisi ya mkoa, niliyemfundisha zamani, akanitaja.

Mume wangu ni Mfipa wa hapa hapa uwandani, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa maneno machache. Nilipomweleza aliendelea kupukuchua mahindi kwa muda, kisha akauliza kama hao watu watakuja na bunduki. Nikamwambia wameahidi kuziacha kwao. Akasema basi niende, ila nisiache kurudi kula nyumbani.

Walifika mwezi wa sita, wakati upepo wa huku unakata masikio. Wageni wale, waliozoea joto la kwao, walishuka kwenye magari na mashati mepesi, wamekumbatia vifua vyao. Jaji akaniomba niwatafutie nguo. Asubuhi nikaenda mtaa wa Majengo na watu wa serikali, mchana nikarudi na waasi, ili wasikutane njiani, na wote nikawapeleka kwa mama mmoja wa Mbeya anayeuza mitumba, kwa sababu sikujua mwingine mwenye masweta mazito. Kesho yake mkutano ulipofunguliwa, kiongozi wa ujumbe wa serikali na kiongozi wa waasi waliingia ukumbini kutoka milango miwili tofauti wamevaa masweta yanayofanana: ya kijani, yenye nembo ile ile ya shule fulani ya Ulaya kifuani. Jaji aliinamia karatasi zake. Mimi nilijiuma ulimi. Siku ile hakuna aliyecheka.

Kiongozi wa ujumbe wa serikali alikuwa kanali, mtu mnene, mwenye vidonda vya tumbo vilivyomfanya ashindwe kula karibu kila kitu isipokuwa uji wa ulezi. Alikuwa amepigana miaka mingi, na nilimwona kama mtu mwenye uchovu kuliko hasira. Kila jambo lilipofikia pa kuamuliwa ilibidi atoke nje kupiga simu kwao, na kila aliporudi uso ulikuwa umekunjamana.

Kiongozi wa waasi hakuwa mwanajeshi. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji. Askari walipoichoma zahanati ile, aliwachukua wagonjwa akaingia nao msituni, na vijana wenye bunduki wakaanza kumfuata kwa kuwa ndiye aliyewatibu. Walimwita Daktari, na sisi tukamwita hivyo. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kuzungumza na wagonjwa, na mikono yake haikutulia. Kama hana la kushika alikunja na kukunjua leso.

Siku za mwanzo hawakuzungumza wao kwa wao. Walikaa kila mmoja hatua chache kutoka kwa mwenzake, wote wanaongea Kiswahili, lakini kila neno lilipita kwangu. "Mama, mwambie huyo bwana kwamba hatutaweka silaha chini." Namgeukia kanali, namwambia. "Mama, mwambie na yeye kwamba serikali haizungumzi na mtu aliyeshika silaha." Namgeukia Daktari. Wakati mwingine waligoma hata kukaa ukumbini, nikawa napita uani kutoka jengo moja hadi jingine na shali yangu kichwani, nabeba maneno ambayo mengi yake nilitamani ningeyaangusha njiani. Nilijifunza kuyapunguza makali bila kuyapunguza maana. Jaji alinionya nisizidishe. Alisema msuluhishi anayepamba maneno hugunduliwa, na akishagunduliwa hana kazi tena.

Kilichovunja ukimya hakikuwa hoja yoyote yetu. Wakati wa mapumziko kanali alishikwa na tumbo, akajikunja kwenye kiti huku jasho likimtoka katika baridi ile. Mkononi alikuwa na kikombe cha chai. Daktari alimtazama kwa muda kutoka upande wa pili. Nilimwona akitafuta kunigeukia mimi, kisha akaacha.

"Kanali," alisema, "hiyo chai ina tangawizi. Ndiyo inayokuumiza. Iache."

Kanali akakiweka kikombe chini. Akauliza, akimtazama yeye mwenyewe usoni, anywe nini basi. Daktari akasimama, akaenda jikoni, akarudi na maziwa ya moto, akamkalisha namna ya kupunguza maumivu. Tangu siku ile waliongea wenyewe, na mimi nikabaki wa kuitwa tu pale walipokwama.

Na walikwama mara nyingi. Walikwama kwenye vyeo, kwenye msamaha, kwenye nani atalinda machimbo ya madini, kwenye vijana wa msituni wataingizwa wapi. Mambo yale yalikuwa makubwa kuliko watu waliokaa mezani, na kanali alikuwa na simu ya kupiga kwa kila moja. Wiki zikapita. Jaji alianza kuzungumza kama mtu anayejiandaa kufunga safari.

Ndipo Daktari, siku moja mchana, akaanza kuzungumzia mpunga. Kati ya milima ya waasi na barabara iliyoshikwa na jeshi kuna bonde, na bonde lile watu walilima mpunga mapema kabla mapigano hayajarudi. Sasa walikuwa katika kambi ya waliokimbia, kwenye vilima, wanakula majani na kile kidogo kinachopatikana, huku mpunga wao umeiva mbele ya macho yao, na yeyote anayeshuka anapigwa risasi bila kujulikana na nani. Alizungumza bila kutazama mtu. Alisema mkewe mwenyewe yuko kambini pale na watoto wao, na shamba lake analiona akisimama mlangoni.

Mimi nikasema, tuyaache makubwa. Tukubaliane juu ya bonde peke yake, na juu ya mavuno peke yake. Jaji akalikamata wazo lile mara moja. Kanali akatoka kupiga simu, na kwa mara ya kwanza alirudi na uso uliolegea. Walikuwa wamemkubalia.

Kuyaandika makubaliano yale madogo kulichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Serikali haikutaka neno vita, kwa kuwa kwao hakuna vita, kuna vurugu. Waasi hawakutaka vurugu, kwa kuwa wao si wahuni. Jaji akapendekeza usitishaji wa uhasama. Daktari akasema mama yake mzazi akisikia uhasama atadhani ni ugonjwa wa mbuzi, na hapo kanali akacheka, kicheko cha tumbo lake bovu, mpaka akalishika. Mwishowe tukaandika kama watu wanavyosema: hakuna kupiga risasi bondeni mpaka mpunga uingie ghalani.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Makubaliano yalisema waangalizi watakaa bondeni wakati wote wa mavuno, watu wasio wa upande wowote, na waliotuahidi waangalizi hao walikuwa wakubwa wa mbali. Kila tulipouliza tuliambiwa wako njiani. Jaji alitaka tusubiri wafike ndipo tutangaze. Daktari akamwambia, kwa upole, kwamba mpunga ukipitiliza unapukutika, na ukipukutika watu wale hawana kitu mwaka mzima. Wako watakaokufa kwa kusubiri. Nilimwona jaji akipima, na mimi nilipima, na kanali pia. Hakuna aliyeona njia isiyo na hatari ndani yake. Tukakubaliana watu waanze, waangalizi wawakute shambani.

Jaji alisema tangazo lisomwe redioni, nilisome mimi. Alitaka kuniandikia, lakini kanali akamzuia.

"Mwacheni aseme kama mama yake alivyokuwa akisema," alisema. "Watu wale wametangaziwa mengi na wanaume. Wakisikia sauti ya mama wataamini."

Tulirekodi kwenye redio ndogo ya hapa mjini, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, Daktari amekaa kulia kwangu na kanali kushoto. Nilianza kwa kuwasalimu. Nikasema kwamba wakubwa wa pande zote mbili wako hapa nilipo, wameweka sahihi zao, na kwamba kuanzia Jumatatu hakuna bunduki itakayolia bondeni. Nikasema: "Mama zangu, chukueni mundu, mkavune. Msiogope." Neno lile la msiogope halikuwa kwenye karatasi. Lilinitoka tu. Fundi wa redio alipouliza kama turudie tangazo bila lile neno, wote wawili walisema hapana, liko vizuri. Redio za ng'ambo zikalirusha asubuhi na jioni, na watu wenye simu wakatumiana.

Juma la kwanza lilikuwa la furaha kuliko juma lolote ninalolikumbuka tangu watoto wangu walipokuwa wadogo. Habari zilikuja kwamba watu wameshuka, kwanza wachache, halafu kambi nzima. Askari wamekaa barabarani kwao, vijana wa msituni wamekaa milimani kwao. Asubuhi moja Daktari alitoka chumbani mbio na simu mkononi, akaniita mimi na kanali uani. Mkewe alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti kutoka shambani. Akauweka kwa sauti kubwa. Nyuma yake wanawake walikuwa wakiimba, na yeye alikuwa akihema kama mtu aliyeinuka kutoka kwenye kazi. Alisema mpunga ni mwingi kuliko walivyotegemea, panya hawakula sana. Akasema watoto wameshiba. Kisha akacheka, akasema, "Na yule mama wa redio, mwambie nitamletea muchele."

Kanali aliomba tuusikilize tena. Jioni ile niliwapikia kuku nyumbani kwangu, wote watatu, jaji akiwemo, na mume wangu, aliyekuwa hajawahi kukutana nao, aliwatembeza shambani kuwaonyesha ulezi wake. Kwa mbali nilimwona kanali na Daktari wamechuchumaa pamoja, kila mmoja na suke mkononi, ndani ya masweta yao ya kijani. Siku zile niliamini. Sioni aibu kusema hivyo. Niliamini kwamba watu wakishavuna pamoja bila kupigwa, yale makubwa nayo yatapungua.

Habari ilitufikia asubuhi, wakati wa chai. Simu ya kanali ndiyo iliyolia kwanza, halafu ya Daktari, halafu zote kwa pamoja. Watu wenye silaha walikuwa wameingia bondeni alfajiri, wanawake walipokuwa wanaanza kazi. Walivaa sare, lakini sare kule anavaa kila mtu. Walipiga risasi kutoka pande mbili za bonde. Mpunga uliokuwa umefungwa mafungu ulichomwa. Waangalizi walikuwa bado wako njiani.

Serikali ilitangaza kabla ya adhuhuri kwamba ni waasi. Waasi wakatangaza kwamba ni serikali. Baadaye kulisemwa juu ya kundi la tatu, la watu wa machimbo, ambao hawakutaka bonde litulie. Mpaka leo sijui ni nani, na sidhani kama nitajua.

Daktari alikaa kwenye benchi la uani na simu sikioni, anajibu kwa neno moja moja. Alipomaliza aliikunja leso yake vizuri, akaitia mfukoni, akatuambia kwamba mkewe hayupo tena. Alilisema kwa sauti ile ile ya zahanati. Alisema watoto walikuwa wamebaki kambini na bibi yao, wako salama. Kisha akatuomba radhi, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Nilisimama mlangoni kwake asubuhi ile sijui kwa muda gani. Nilisikia ule ujumbe. Aliuweka, ukaisha, akauweka tena. Zile nyimbo, kile kicheko, ule mchele. Nilishindwa kubisha hodi. Sauti yangu ndiyo iliyomtoa mkewe kambini, nami nilikuwa nimesimama nje na sauti ile ile, sijui niitumie kusema nini.

Kanali ndiye aliyekuja. Alipita mbele yangu, akafungua mlango bila kubisha, akaketi sakafuni, mgongo ukutani, kama wanavyokaa wanaume wa kwao msibani. Mlango ulibaki wazi. Daktari aliizima simu. Kanali akasema, "Si mimi niliyeamuru. Naapa kwa watoto wangu."

"Najua si wewe," Daktari akamjibu. "Lakini watu wako walikuwa barabarani. Wanaona bonde lote. Walisikia risasi asubuhi nzima. Walikuwa wanafanya nini?"

Kanali akabaki pale pale sakafuni mpaka jua likahama, na Daktari hakumwambia aondoke.

Kesho yake serikali ilimwita kanali arudi. Aliondoka na gari la asubuhi. Alikuja kuniaga akiwa na mfuko wake mdogo, akasema "Mama, pole," mimi nikasema "Pole nawe." Jaji alibaki siku chache akipiga simu kwa wakubwa wa mbali. Nilimsikia akipandisha sauti mara moja tu, akiuliza njia hiyo waliyoko waangalizi ni ndefu kiasi gani. Halafu naye akafunga mizigo. Ukumbini walirudisha viti vya wanakwaya.

Mimi niliomba kumsindikiza Daktari mpaka ziwani. Tulishuka kupitia Namanyere, yeye anatazama dirishani. Kadiri tulivyoteremka joto lilipanda, akavua lile sweta, akalikunja, akaliweka kwenye kiti kati yetu. Pale Kirando boti lilikuwa tayari. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia mengi. Nilimwambia tu anisamehe kama kuna neno langu lililomdhuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, ulisema tulichokubaliana," alisema. "Sisi ndio tuliokwambia useme."

Kisha akapanda. Sweta alikuwa ameliacha garini, na sikujua kama alilisahau.

Sikuondoka mara moja. Ufukwe ule ndio nilikozaliwa, lakini siku ile ulikuwa umejaa watu wasio wa pale, waliovuka ziwa katika siku zile chache kukimbia. Baadhi walikuwa wameshapata vibarua vya kuanika dagaa. Nilimwona mwanamke mmoja, kijana bado, mtoto mgongoni, akigeuza dagaa mchangani. Nilimsalimia kwa Kiswahili cha kwao, nikampa pole ya safari. Aliinua kichwa haraka, akanitazama, akasema niseme tena. Nikamuuliza niseme nini. Akasogea karibu.

"Ni weye," alisema. "Ni weye mama wa redio."

Nilitaka kukana. Nilikuwa na hakika kwamba atanitukana, au atanitemea mate, na nilijua kwamba ningesimama nikayapokea. Watu wengine wawili watatu waligeuka. Lakini yule mwanamke alijifuta mikono kwenye kitenge chake, akanishika kiwiko, na kwa sauti ya chini, ya mtu anayeulizia jambo la kawaida, akasema, "Tuliacha nusu ya shamba. Mama, utatutangazia lini tena? Ukisema, tutarudi."

Nilimtazama. Alikuwa anangoja kweli. Mtoto mgongoni alikuwa macho, naye ananitazama. Nikamwambia kwamba kwa sasa sijui. Akaitikia kwa kichwa, akasema atasikiliza, redio iko kwa jirani. Akarudi kwenye dagaa wake. Nilifika kwenye gari, dereva akaniuliza kama naumwa, na nililia kutoka pale mpaka tulipoanza kupanda mlima.

Nyumbani niliendelea kuishi kama mtu mwingine yeyote. Nilipika, nilikwenda kanisani, nilipokea wajukuu likizo. Wakati fulani paroko aliniomba nisome somo Jumapili, nikamwambia koo linanisumbua, na tangu hapo hajaniomba tena. Mume wangu alilielewa jambo lile bila kuambiwa. Alizoea kuniona nimekaa kibarazani nimenyamaza, na alikuwa anakuja na kazi yake ya mkono, kamba au mpini wa jembe, anakaa karibu na kuifanya pale.

Kanali hunipigia simu sikukuu ya Pasaka. Ameacha jeshi, au jeshi limemwacha, hasemi vizuri. Ananiuliza habari za ulezi. Mwanzoni aliuliza pia kama namsikia mwenzetu. Baadaye aliacha kuuliza, kwa sababu wote wawili tulimsikia. Daktari alihojiwa na redio moja ya nje, na sauti ile ya chini haikuwepo. Alisema hakuna mazungumzo tena, kwamba aliyekwenda kwenye mazungumzo amezikwa, na kwamba atakayeshika barabara ya bondeni ataiacha akiwa maiti. Mtangazaji alimwita kamanda. Niliizima redio, nikaenda nje, nikasimama kwenye upepo mpaka nikaanza kutetemeka. Yule mtu niliyemwona akimbebea adui yake maziwa ya moto sikumpata popote katika maneno yale, na nimemlilia kama ninavyowalilia waliokufa.

Mwaka huu mazungumzo yameanza upya, katika hoteli kubwa ya nchi ya mbali, na watu wengine kabisa. Nimewaona kwenye televisheni wakishikana mikono. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na kijana mmoja kutoka huko, mwenye heshima sana, aliyeanza na shikamoo. Alisema kuna makubaliano ya awali, watu waliokimbia wataambiwa warudi makwao kulima, na wamefanya utafiti wakaona kwamba watu wa ziwani bado wanaitaja sauti yangu. Wangenirekodi hapa hapa Sumbawanga, nisisumbuke kusafiri.

Nilimuuliza, siku ile watu watakaposhuka shambani, ni nani atakayekuwa nao.

Alisema hilo liko kwenye kamati ya ufundi, linafanyiwa kazi.

Nikamwambia likishafanyiwa kazi, na hao watu wakiwa wamesimama shambani kwa miguu yao, anipigie hata alfajiri, nitakuja bila kunywa chai. Lakini kabla ya hapo, hapana. Akanishukuru, akasema ananielewa. Nadhani alinielewa. Baada ya kukata simu nilikaa jikoni na mikono yangu mapajani, na mume wangu akaja akauliza ni nani. Nilipomwambia, alikaa mkabala nami, akasema nimefanya vyema. Nikamwambia sijui kama nimefanya vyema, kwa sababu iko siku ambapo kweli itakuwa salama, na mtu itabidi aseme, na pengine siku yenyewe ndiyo hii na mimi nimekataa. Alinishika bega, tukakaa.

Jumanne iliyopita tangazo lilisomwa. Nililisikia kwenye redio nikichambua maharage. Alisoma kijana mwanamume, sauti nzuri, safi, Kiswahili sanifu kabisa, kila neno mahali pake. Aliwaambia warudi na kwamba amani imepatikana. Nilifikiria ufukweni kule Kirando, redio ya jirani, na mwanamke yule aliyesema atasikiliza, kama bado yuko, na mtoto ambaye sasa atakuwa anakimbia. Nimejaribu kuwapigia watu ninaowafahamu kule kuuliza kama kuna waliovuka. Mmoja anasema wapo waliopanda boti. Mwingine anasema hakuna aliyekwenda, kwamba watu walisikiliza mpaka mwisho, wakaangaliana, wakaendelea kuanika dagaa.